Picha ya Kumi

Machi 4
Mvua imeanza. Kitabu hiki nilipewa na muuza karatasi za picha mwaka juzi, kikakaa kwenye droo kikiliwa na mende, nikaona heri nikile mimi. Nitaandika msimu huu wote, maana mvua ikishuka wateja hukauka. Nani atavaa shati jeupe aje kupigwa picha na tope hadi magotini?

Kwa atakayekiokota: mimi ndiye mwenye studio ya picha iliyo ng'ambo ya posta. Wananiita Tabasamu, kwa sababu nimelitamka neno hilo mara nyingi kuliko jina la mke wangu. Miaka thelathini na mmoja kazini. Nimewapiga picha mawaziri wawili na mwizi mmoja, na kati ya hao watatu mwizi ndiye aliyejua kukaa. Nimezunguka nchi tano na bendi ya muziki, naweza kuomba chakula kwa lugha saba na kukataa kulipa kwa lugha nane. Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha. Tuliachana kwa wema.

Leo binti yangu, mtoto wetu wa pekee, aliyemaliza sekondari mwaka jana, ameweka karatasi mbili juu ya kaunta.

"Baba, nataka kusomea picha chuoni. Shahada."

Nilicheka mpaka Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, akaja mbio na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa kuuliza kuna nini.

"Shahada ya kubonyeza!" nikamwambia binti. "Mama, kidole unacho tayari."

Hakucheka. Wembe alicheka, mwenye nusu kichwa akacheka. Yeye alizikunja karatasi zake akaenda kufagia.

Machi 6
Mvua. Mteja mmoja, picha za pasi. Alifumba macho mara nne. Nikamfumbua kwa kompyuta.

Machi 9
Nimeziangalia zile karatasi, kwa juujuu, maana mimi maelekezo huwa sisomi, huyanusa.

Vyuo ni viwili. Kimoja kiko hapa mjini, dakika ishirini kwa miguu, wanafundisha picha za biashara na matangazo, wana taa kubwa kama masufuria ya harusi. Cha pili kiko mbali, siku moja na nusu kwa basi. Wanafundisha kupiga picha maisha ya watu, mwaka mzima wanachukua wanafunzi kumi na wawili tu, na kabla ya kukuita wanataka uwapelekee picha zako mwenyewe, kumi hadi ishirini, kabla ya tarehe kumi Aprili.

"Peleka ishirini," nikamwambia. "Akuombaye kumi mpe ishirini, asije akadhani kwenu kuna njaa."

Wembe alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha wateja akisubiri mvua ipungue. "Yaani mtoto asafiri siku moja na nusu akajifunze kitu ambacho baba yake anakifanya hatua tatu kutoka jikoni?"

"Na wako anasoma nini?"

"Sheria."

"Ndiyo. Aje akutetee kwa masikio uliyowakata watu."

Alijigusa sikio, kisha akacheka. Lakini swali lake lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyetaka kuliuliza nikaona aibu.

Machi 15
Tumekwenda chuo cha mjini. Nilivaa suti. Kuta nyeupe, sakafu inang'aa, taa nilizozitamani miaka ishirini. Mwalimu aliyetupokea alikuwa kijana mwenye ndevu zilizopimwa kwa rula. Nilimweleza kwamba mimi pia ni mwalimu kwa namna yangu, nikamweleza juu ya mawaziri, nikamweleza juu ya bendi. Alisikiliza kwa heshima ya mtu anayesubiri lifti.

Binti akauliza, "Samahani mwalimu, mwanafunzi anaanza kushika kamera lini?"

"Mwaka wa pili, muhula wa pili. Kabla ya hapo nadharia."

"Na mtu akitaka kupiga picha watu ambao hawajajiweka tayari?"

"Wateja hawataki hizo."

Nilitaka kupiga makofi. Hilo ndilo nimesema miaka yote! Mteja anakuja na uso wake wa kila siku, anataka aondoke na uso wa sikukuu, na mimi ndiye ninayempa. Madoa natoa, makunyanzi nalainisha, jicho lililofumba nalifumbua. Kazi hiyo mimi naiita kupiga poda, na katika mji huu hakuna anayepiga poda kunishinda.

Njiani, chini ya mwavuli mmoja, nikamwambia, "Umeziona zile taa? Taa zile zingempa hata Wembe shingo."

"Nimeziona, baba."

"Sasa?"

"Nimeziona taa."

Machi 17
Chuo cha mjini wamemkubali kwa cheti chake tu, hawakutaka hata picha moja. Mwisho wa kuthibitisha ni Mei 10. Nimewatangazia watu wa mtaa wote. Yeye alisema "asante Mungu" kwa sauti ya mtu aliyepewa soksi.

Machi 23
Sasa nimejua anachopiga. Kila studio ina kona ya kioo: kioo cha kujitazamia, kitana kilichofungwa kwa kamba, kopo la poda, tai ya kuazima. Mteja anajipanga pale kabla ya kuja kukaa kwenye kiti. Binti anawaomba ruhusa, anakaa pembeni na kamera yake, wao wanamsahau. Hapo ndipo anapowapiga.

Amenionyesha. Muuza samaki ananusa mikono yake. Askari amevuta tumbo ndani, uso umemtoka kama anabeba gunia. Mwanamke aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho kipya baada ya kufiwa na mume, kitana kimesimama katikati ya nywele, anatazama kitu ambacho hakimo kwenye kioo.

"Mama," nikamwambia kwa upole, "hawa hawajawa tayari."

"Ndiyo, baba."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo hawajawa tayari."

Mimi nimekula chumvi nyingi na sikuelewa.

Machi 30
Paa linavuja juu ya printa. Ndoo.

Aprili 8
Mama mkwe ameteleza na kuvunjika nyonga. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake hazina huruma, kwa hiyo binti ndiye aliyekwenda kumuuguza, tangu juzi. Sasa maji yamekata barabara na hawezi kurudi. Alinipigia simu, sauti inakatika kama nyama ya bei nafuu.

"Baba, picha zangu ziko kwenye kompyuta ya studio, kwenye folda yenye jina langu. Ishirini. Zitume tu. Fomu nilishawapelekea, nakala iko chini ya kibodi, isome kwanza. Umenisikia? Isome."

"Unamfundisha samaki kuogelea?"

"Baba, tafadhali."

"Lala salama, mama. Upo mikononi mwa fundi."

Aprili 9
Nimetuma! Acha nieleze, maana kazi kama hii isiposifiwa na mwenyewe itasifiwa na nani?

Nilizifungua moja moja. Nikamwona yule mjane, macho mekundu, nikasema hapana, walimu wa chuo watamwona mwanangu ana roho mbaya. Nikamtoa wekundu. Nikaona midomo inaanguka, nikaiinua kidogo, kidogo tu, kama unavyoinua pazia. Askari nikampunguza tumbo ili uso upumzike. Muuza samaki nikamsafisha kucha. Mzee aliyefumba macho nikamtafutia macho yake mwenyewe kwenye picha aliyopiga kwangu mwaka jana, yakamkaa kama kofia. Nimekaa tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, mgongo unaniuma, sijala. Picha kumi na moja nimezipiga poda. Tisa nimeziacha kwa sababu hazina nyuso: mikono, migongo, shingo zilizoinama.

Kila moja nikaihifadhi juu ya ile ya zamani, kama kawaida yangu. Kompyuta ya studio haina nafasi ya kuweka watu wawili wawili.

Kisha nikatuma kwa barua pepe ya studio. Fomu sikuona haja ya kuisoma. Nikichelewa kusoma nitachelewa kutuma.

Mtoto akilia, mzazi hupangusa machozi. Mimi nimempangusia watu kumi na mmoja.

Aprili 13
Binti amerudi, bibi yake anaendelea vizuri. "Zimekwenda?" "Zimekwenda." Akanikumbatia na koti la mvua limelowa. Sikumwambia juu ya poda. Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza, siku ya kukubaliwa. Akasema hataki hata kuifungua ile folda mpaka wajibu, atajitia wazimu.

Aprili 14
Shule ya chekechea, watoto sitini na wawili, wawili walijikojolea. Kadi yangu ya kamera ilikuwa imejaa, nikachukua ya binti kwenye droo, nikaifuta, nikapigia hiyo.

Aprili 21
Mvua. Hakuna kitu.

Aprili 22
Mvua.

Aprili 27
Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi umeme ulirudi, nikafungua barua pepe ya studio nikitegemea wazazi wa chekechea. Barua ya chuo cha mbali. Nimeisoma mara nyingi mpaka naijua. Wanasema picha zimewagusa walimu wote. Wanasema kumi na moja kati yake zina dalili za kubadilishwa. Wanasema kifungu cha tano cha fomu kinakataza, na mwombaji alitia saini. Wanaomba mafaili asilia ya picha zote, mwisho Mei 12, na yasipofika, jina lake linafutwa.

Nikainua kibodi. Fomu ilikuwa pale, imeacha alama ya vumbi kuizunguka. Kifungu cha tano, mstari mmoja: *Picha zisiguswe.* Na chini, kwa mkono wa mwanangu, herufi zake zile za duara, saini.

Nikakimbilia folda. Zile za asili nilizizika mwenyewe, moja juu ya nyingine. Nikakumbuka kadi. Nikaichomeka. Watoto sitini na wawili wananichekea, wengine hawana meno.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Sijawahi kukaa pale. Ukikaa pale unajiona kwenye kile kioo cha pembeni, sikujua.

Na sasa niandike jambo ambalo kama si kitabu hiki nisingelisema. Katikati ya hofu, wazo lilinijia, limevaa vizuri, limechana nywele. Kwamba barua hii nimeiona mimi peke yangu. Kwamba nikinyamaza hadi tarehe kumi na mbili, jina litafutika lenyewe. Atalia wiki moja. Ataenda chuo cha mjini, atarudi kila jioni, tutakunywa chai, studio itapata mrithi mwenye shahada. Hakuna atakayejua.

Sikulifukuza. Nililipa kiti.

Aprili 29
"Baba, wamejibu?"
"Bado, mama."

Nimedanganya sana maishani. Kila bibi harusi nimemwambia ndiye mzuri kuliko wote niliowahi kuwapiga. Lakini huu wa leo umekaa mdomoni kama sarafu.

Mei 1
"Wamejibu?"
"Bado."
Mvua inapiga bati, huwezi kusikia mtu anavyomeza mate. Afadhali.

Mei 2
Nimemweleza Wembe. Kwake hakukuwa na mteja, alikuwa anapaka mkasi mafuta. Nilitegemea atacheka, nijue pa kuanzia.

"Nyamaza tu," akasema. "Si ulitaka abaki? Atabaki."

"Ndivyo nami nilivyowaza."

Akaendelea na mkasi. Kisha akasema, "Unajua ule utani wako wa masikio."

"Utani tu, Wembe."

"Nilimkata kweli. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kunyolewa siku ya posa yake. Nikamkata sikio, kidogo. Nikampaka poda, damu ikakoma, nikamwambia umetoka safi, nenda. Akafika ukweni shati lote jekundu. Miaka tisa, bwana Tabasamu. Hajawahi kunisema vibaya. Ila akipita hapa huvuka barabara."

Miaka yote nimemwona Wembe kama mtu wa kuchekesha mteja. Niliondoka pale bila kuaga.

Mei 5
Leo binti ameifunga kamera yake kwenye kitambaa na kuiweka kwenye droo ya chini, ile ya nyaya mbovu.

"Kesho kutwa kama bado hawajajibu nitaenda kuthibitisha chuo cha mjini," akasema.

"Vizuri," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

"Labda wewe ndiye uliyekuwa sahihi, baba. Hawakuwa tayari. Nilidhani naona kitu, kumbe niliwaonea tu watu."

Barua inasema picha zimewagusa walimu wote. Ninayo mfukoni, nimeichapa. Ilikuwa inaniunguza paja na mimi nimesimama naye nikimwambia, "Usijali, mama, utapenda zile taa."

Mei 6
Asubuhi mke wangu alikuwa anavua viatu vya zamu. Bila kunitazama akasema, "Wiki nzima hujajisifu. Unaumwa wapi?"

Nikamwambia yote. Alisugua unyayo wake mpaka nikamaliza.

"Kidonda ukikifunga bila kukiosha, mume wangu, ukija kufungua bandeji utakuta si kidonda tena. Mimi nimeshika miguu ya namna hiyo. Kakioshe leo."

"Akinichukia?"

"Ataumia. Maji ya chumvi yanauma."

Nilimkuta studio anafagia. Nikajaribu kuanza na mzaha, mzaha ukanikwama. Nikampa karatasi. Akaisoma akiwa ameegemea ufagio. Alipofika kwenye "zimewagusa" aliinua uso, na furaha niliyoiona pale, sekunde moja, ndiyo adhabu yangu mpaka nife. Kisha akaendelea kusoma.

"Zimebadilishwa? Mimi sikubadilisha chochote."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilizipiga poda. Kumi na moja. Nilitaka upendeze."

Akaenda kwenye kompyuta. Alimfungua yule mjane kwanza. Alimtazama kwa muda mrefu, mjane wangu mwenye midomo iliyoinuka.

"Za asili ziko wapi?"

"Nilihifadhi juu yake."

"Kadi?"

"Chekechea."

"Barua ni ya tarehe ishirini na saba."

"Ndiyo."

"Leo tarehe sita, baba."

Nikahesabu siku kwa vidole, kama mtoto. Mimi, niliyeomba chakula kwa lugha saba.

Hakupiga kelele. Akasema taratibu, "Yule mama aliniruhusu nimpige vile. Aliniambia, 'Nipige tu mwanangu, leo sina nguvu ya kujificha.' Wewe ukamficha." Akaweka ufagio ukutani, akatoka mvuani bila mwavuli.

Mei 7
Hajasema neno.

Mei 8
Hajasema neno. Chai ameniwekea. Kikombe bila kisahani.

Mei 9
Amebandika kikaratasi kwenye kioo: *9*. Ndizo zilizobaki nzima, zile zisizo na nyuso ambazo sikuzigusa kwa kudhani hazina maana. Fomu inataka kumi. Ameitoa kamera kwenye droo ya nyaya mbovu, amekaa kona ya kioo kutwa, anasubiri mteja. Mvua imemwagika kutwa. Hajaja hata mbwa.

Mei 10
Siku ya mwisho ya chuo cha mjini. Nikamwambia, "Nenda kathibitishe, mama. Uwe na kitu mkononi. Nitakushikia mwavuli."

Neno la kwanza baada ya siku nne: "Sitaki."

"Ukikosa vyote viwili?"

"Nitakuwa nimekosa ninachokitaka, baba. Kile kingine nikikipata, hiki nitakuwa nimekikosa vilevile."

Saa kumi ofisi zao zilifungwa. Niliiangalia saa ya ukutani mpaka mshale ukapita.

Jioni Wembe alikuja kujitolea. Alisimama mbele ya kioo akijifanya hajajiandaa, kwa nguvu zake zote. Alijikuna, akapiga miayo, akajisahaulisha mpaka jasho likamtoka. Binti alimpiga moja kwa adabu, akaifuta.

"Sijafaa?" Wembe akauliza.

"Mjomba, ulikuwa unanitazama."

"Kwa jicho moja tu!"

Aliangua kicheko, binti yangu. Kidogo. Nami nikageukia ukutani nisimharibie.

Mei 11
Nimeamka na uamuzi. Basi la saa tatu. Nitafika kesho jioni, siku yenyewe ya mwisho, nitapiga magoti mlangoni kwao niseme ni mimi, mtoto hana kosa, nifungeni mimi. Nilivaa suti. Kituo cha mabasi kiko nyuma ya posta, nikapitia studio nichukue mwavuli, nikasimama kwenye kona ya kioo kufunga tai.

Tai nimewafungia mabwana harusi wasiohesabika. Leo haikufungika. Naivusha kulia, inateleza. Naivusha kushoto, fundo linafunguka. Mara ya tatu nikaiachia tu, nikashika ncha zake mbili, nikajitazama. Nikawaza: nikifika nitasema nini? Nitaanza na mawaziri? Nikaona sina hata neno moja la kuanzia, na hilo nililijua nikiwa nimeshika tai kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe aliyeuzwa.

*Klik.*

Alikuwa amekaa pembeni, kwenye kibao chake. Alikuwapo muda wote.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwao. Kusema ni mimi."

Alikuwa anatazama kioo cha kamera yake, na mkono ameuweka mdomoni. Kisha akasema, "Usiende. Nimepata ya kumi."

Akanionyesha. Mungu wangu! Mfuko chini ya jicho la kushoto. Shingo ya kobe. Mdomo umefunguka nusu, wa mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Miaka thelathini na mmoja nimewatengeneza watu wa mji huu, sikuwahi kumwona mzee huyu, na nilimjua palepale.

Alizipanga zote kumi kwenye kompyuta, akaandika barua yake, akaniambia nami niandike yangu kwa mkono, aipige picha na kuiambatisha. Nikaandika nilivyoweza: *Mimi ni baba yake. Poda ni yangu. Picha ni zake. Fomu sikuisoma. Nisameheni, au msinisamehe, ila yeye mpokeeni.*

"Tuma wewe," akasema, akanipisha kiti.

Nikakaa. Picha yangu imejaa kwenye kioo cha kompyuta, na ule mfuko wa jicho unaning'inia.

"Baba."

"Sijasema kitu."

"Mkono wako umeenda kwenye ule mfuko."

Kweli ulikuwa umeenda, na mshale wa kompyuta juu yake. Nikaurudisha. Nikatuma. Umeme ulikatika dakika mbili baadaye, nikakaa gizani saa tano asubuhi nikiomba dua kwa nyaya.

Mei 13
Mvua nyepesi. Hakuna jibu.

Mei 16
Hakuna jibu. Kikombe kimerudishiwa kisahani.

Mei 21
Wamepiga simu. Sauti ya mwanamke, mwalimu mkuu wa picha, sauti ya mtu asiyeharakishwa. Aliongea na binti muda mrefu. Nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo mwalimu... Hapana, hazipo tena... Kwa sababu nilitia saini mimi, si yeye... Ningeanza upya, hata kama ni wale wale..." Mikono yake ilikuwa inazungusha kamba ya kitana.

Kisha akaninyooshea simu. "Anakutaka."

"Wewe ndiye namba kumi?" mwalimu akauliza.

"Ndimi, mama."

"Siku ile ulikuwa unajiandaa kwenda wapi?"

"Kwenu."

Nikasikia mvua ya kwao, nayo inanyesha. Kisha akasema, "Basi safari yako imefika. Mrudishie binti."

Juni 6
Barua rasmi imekuja. Kumi na wawili, naye yumo. Ataondoka Agosti. Nililia mbele ya Wembe na mteja wake, sikujipangusa. Wembe akasema nisimlowanishie mteja.

Juni 19
Leo jua kutwa. Tope limeanza kupasuka barabarani, wateja wamerudi na mashati meupe.

Nimemtoa waziri kwenye dirisha la mbele, alipokaa miaka kumi na minne, nikaweka picha ya kumi, kubwa, ya fremu. Wembe alisimama nje na mkasi mkononi.

"Nani huyu mzee aliyefiwa?"

"Mwenye duka."

"Utafukuza wateja."

Hajafukuza mtu. Bibi mmoja aliitazama kwa muda, akaingia akauliza, "Na mimi utanipiga hivyo?"

"Wewe nitakupiga poda, mama yangu, utoke na miaka ishirini pungufu. Hiyo ya dirishani si kazi yangu. Ya mwanangu."

Nikampiga poda, akaondoka anang'aa. Kazi ni kazi.

Vumbi la kiangazi limeanza kuliparamia dirisha. Kila asubuhi nitafuta kioo, kwa nje tu; picha isiguswe.